Ghorofa ya Kumi na Tisa, Upande wa Kufulia

Ukifungua programu yoyote ya nyumba za likizo ukatafuta Dar es Salaam, picha ya kwanza ni ileile: kochi la kijivu, mito miwili ya njano, na nyuma yake kioo kinachoanzia sakafuni mpaka darini, bahari imejaa tele. Karibu nyumba zote zimepigwa picha zikitazama mashariki. Asiyeujua mji anaweza kudhani Dar ni maji matupu na daraja moja lenye taa. Siwalaumu wenye nyumba. Mgeni anayetoka Johannesburg au Frankfurt hafungi safari kuja kutazama mapaa ya Kariakoo. Ila mimi nimelala kwenye mojawapo ya nyumba hizo, na nataka kuusemea upande ambao kamera huupa kisogo.

Ilikuwaje mtu wa Tabata akalale mjini kwa kulipia? Sababu ni shangazi yangu, dada yake marehemu baba. Aliolewa Maskati miaka ya sabini, wakati familia nyingi za pwani na visiwani zenye asili ya Oman zilipokuwa zinarudi huko baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Hajaacha Kiswahili chake hata kidogo, kwa sababu mtaa anaokaa nusu yake wanaongea Kiswahili. Safari hii alikuja na binti yake, yaani binamu yangu, na wajukuu. Mke wangu alishatandika vitanda na kuazima godoro kwa jirani. Binamu akapiga simu kwa upole: "Kaka, tusibanane. Nimechukua apatimenti mjini, nyinyi ndio mje mlale kwetu." Bei ya usiku mmoja niliiona kwenye simu yake, nikamrudishia simu bila kusema kitu. Pesa ile mtaani kwetu inalipa kodi ya mwezi ya chumba na sebule.

Jengo liko Kisutu, pale inapokaribia Upanga. Getini kuna mlinzi mwenye daftari, anataka kitambulisho na jina la aliyekualika, halafu anampigia msimamizi, halafu anakutazama tena. Ndani ni marumaru na harufu ya ubani wa kwenye chupa. Lifti haiendi popote bila kadi, na kadi inakupeleka ghorofa yako tu, jambo lililowauma sana wajukuu waliotaka kubonyeza vitufe vyote. Juu kabisa kuna bwawa na jimu.

Jambo moja watu wengi hawalijui kuhusu majengo haya: hayana mwenye mmoja. Tangu sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu ya jengo, mtu anaweza kununua nyumba moja hewani, akapewa hati yake, bila kumiliki kiwanja kilicho chini. Kwa hiyo kwenye korido moja utakuta familia inayoishi hapo mwaka mzima, viatu vya watoto vimejipanga mlangoni, na mlango wa pili ni mzee aliyenunua ili apangishe kwa siku na hajawahi kulala humo, na wa tatu ni wageni kama sisi na masanduku yetu. Wakazi wa kudumu wanatutambua kwa namna tunavyosimama mbele ya lifti kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari.

Nyumba yenyewe sina la kuilalamikia. Vyumba vitatu, kila kimoja na bafu lake, maji ya moto papo hapo, shuka nyeupe zinazoteleza. Ila jikoni ndipo mtu anapojua nyumba imepangwa kwa ajili ya nani. Kulikuwa na mashine ya kahawa inayokula vidonge vyake maalumu, glasi za mvinyo kumi na mbili, kisu cha jibini, na jiko la umeme la kioo ambalo shangazi alilikodolea macho kwa muda kabla ya kuuliza moto unatokea wapi. Hapakuwa na chujio la chai. Sufuria kubwa kuliko zote ingepika wali wa watu wawili wasio na njaa. Mbuzi ya kukunia nazi hata sikuthubutu kuiulizia.

Na shangazi alikuwa ameshaamua kupika. Asubuhi tulikwenda soko la samaki la Feri, akachagua changu kwa kuwafunua mashavu mmoja mmoja na kumwambia muuzaji maneno yaliyomfanya ashushe bei mwenyewe. Nazi tulikuniwa sokoni Kisutu, pale jirani tu, kwa mashine. Kurudi juu, tatizo likawa kukamua tui bila chujio. Alizunguka jikoni, akafungua droo zote, akakuta kitambaa kipya chembamba cha kufutia glasi za mvinyo. "Hiki kina kazi," akasema. Tui la kwanza likatoka zito kama maziwa ya mtindi, na kitambaa hakikurudi tena kwenye kazi yake ya awali.

Samaki aliwatia chumvi na ndimu, akawaweka kwenye sinia nje, kwenye kile kiroshani kidogo cha nyuma ambako kuna mashine ya kufulia na kamba ya nguo, akafunika na sahani. Ndipo kunguru wakaja. Watu wa Dar tunawajua kunguru wetu, jamii ileile iliyoletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka na baadaye ikasambaa pwani nzima. Lakini nilikuwa sijawahi kumwona kunguru kutoka juu. Ukiwa chini unaona tumbo na mdomo. Ukiwa ghorofa ya kumi na tisa unaona mgongo: mweusi unaong'aa kama viatu vilivyopigwa brashi, na shingoni kola ya kijivu. Mmoja aliisukuma sahani kwa mdomo, taratibu, kama mtu anayefungua barua isiyo yake, akaondoka na changu mdogo. Shangazi alitoka mbio na mwiko. Alichelewa, lakini hakurudi ndani. Alibaki pale, mwiko mkononi, anatazama.

"Hebu njoo," akaniita. "Ile si Mnazi Mmoja ile?"

Ilikuwa Mnazi Mmoja. Kiroshani cha kufulia kinatazama magharibi na kusini-magharibi, na hakuna picha yake hata moja kwenye tangazo. Sebuleni tulikuwa na kila kitu kilichotangazwa: viwanja vya gofu vya Gymkhana vya kijani, paa la Hospitali ya Ocean Road waliyoijenga Wajerumani, meli zilizotia nanga nje zikisubiri zamu ya bandarini, na kushoto Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, likikatiza maji kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan kwenda kule ufukwe wa Coco. Ni mandhari nzuri. Unaitazama, unaipiga picha, unaituma kwenye kundi la familia, watu wanajibu "Mashallah", basi, imekwisha. Bahari haikuulizi kitu. Shangazi aliikalia sofa ile kwa kikombe kimoja cha chai.

Kule nyuma alihamia moja kwa moja. Tulimtolea stuli ya plastiki iliyokuwa bafuni, akatundika kanga kwenye reli kukinga jua, na hapo pakawa pake. Kuanzia saa tisa alasiri ni pa moto kweli, jua linapiga usoni, na mashine za viyoyozi zinatoa joto lao pembeni. Chumvi ya bahari imeshazila zile mashine kwa kutu, hata kwenye jengo jipya namna hii. Yeye hakujali. Maskati, anasema, hakuna roshani ya hivi, kwa sababu mji wao hauruhusu majengo yapande juu namna hii. Nyumba ni nyeupe na fupi, na ukitaka kuona mbali panda mlima.

Kutoka pale mji unajieleza kwa namna ambayo mtu wa chini hawezi kuiona. Miguuni kwako ni Kisutu na mitaa ya Wahindi: mahekalu, misikiti, maduka ya vitambaa. Katikati ya minara bado zimebaki nyumba kadhaa za zamani za ghorofa moja au mbili, zenye roshani za mbao na mwaka wa kujengwa umechongwa juu kwenye paji la ukuta. Kwenye paa la mojawapo, mama mmoja alikuwa anaanika pilipili kwenye masinia baina ya simtanki mbili, akizigeuza kwa mkono, bila kujua kwamba kuna bibi wa Kimaskati ghorofa ya kumi na tisa anayemhesabia masinia. Halafu inakuja Barabara ya Bibi Titi. Halafu ukanda wa miti na uwazi, ndio Mnazi Mmoja. Halafu ng'ambo ya uwazi, mitaa iliyonyooka kama iliyopigwa rula: Kariakoo.

Ule uwazi haukutokea wenyewe. Wajerumani, waliohamishia makao makuu yao Dar kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliandika kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika kanda. Upande wa bahari, penye upepo, nyumba za Wazungu. Katikati, Uhindini, biashara chini na familia juu. Nyuma, mbali na upepo, Waafrika. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916 hawakuufuta mpango ule. Waliupanga Kariakoo kwa viwanja, na Mnazi Mmoja wakauacha wazi baina ya Uhindini na Uswahilini, kwa kisingizio cha afya, kana kwamba malaria husimama ikiona nyasi. Nilisoma haya zamani na kuyasahau. Ukiwa pale juu huhitaji kusoma, kwa sababu bado yapo: bahari, bustani, viwanja vya gofu, kisha maduka na ghorofa, kisha ukanda wa kijani, kisha msongamano. Na ukigeuka ukakumbuka lile tangazo, unaona kwamba kamera ya mwenye nyumba, bila yeye kujua, imepiga picha ukanda uleule wa kwanza waliojitengea Wazungu wenyewe.

Shangazi hakuwa na haja ya historia hiyo, yeye aliivuka kwa miguu. Nyumba ya babu ilikuwa Kariakoo, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, uani nyuma, na baraza mbele ambako babu alikaa na redio. "Tulikuwa tunatoka asubuhi, tunakatiza Mnazi Mmoja, viatu mkononi tusivichafue kwa umande," akasema. Alianza kutafuta ilipokuwa. Alihesabu mitaa kwa kidole hewani kuanzia Msimbazi. Alipotaja Msimbazi aliongeza, "pale kwa hao Simba," kwa sauti ya mtu anayepita karibu na jalala, maana shangazi ni Yanga wa tangu utotoni na Maskati haikumbadilisha. Alihesabu, akakosea, akaanza upya. Soko la Kariakoo lingemsaidia, lile lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lenye paa la zege kama miavuli iliyosimama pamoja. Likaungua Julai 2021, likajengwa upya. Ila kutoka pale tulipokuwa lilishazibwa. Kariakoo yote sasa ni maghorofa ya maduka, ghorofa nane, kumi, kumi na mbili, yamebanana mpaka mitaa yenyewe inaonekana kama nyufa.

"Basi itakuwa chini ya lile la vioo vya bluu," akasema mwishowe. "Au lile jirani yake." Akanywa chai. Sikuona huzuni usoni kwake, nilichokiona ni hesabu. "Lile la bluu lina maduka mangapi?" Nikamwambia huenda mia. "Na kila duka linalipa kodi?" Nikamwambia kodi, na kilemba kabla ya kodi. Akatikisa kichwa. "Baba aliuza mapema mno."

Jengo letu wenyewe nalo limesimama juu ya kitu. Pale Kisutu na Upanga, viwanja vingi vilivyoota minara vilikuwa na nyumba za familia za Kihindi zilizotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, iliyochukua majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye nyumba wengine waliondoka nchini, wengine wakabaki kama wapangaji kwenye nyumba walizozijenga wenyewe. Miaka ya baadaye vikaja vibali, wabia na minara. Nilipokuwa nayasimulia haya mezani, binamu aliniuliza kama minara hii ni imara, nikataja lile ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lililoporomoka likiwa linajengwa, Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, likaua watu 36. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapo tulipokuwa tunakula. Binamu akaniambia kwa macho ninyamaze, watoto wanasikia. Ni kweli halikuwa jambo la kusema mtu akiwa ghorofa ya kumi na tisa na samaki mdomoni.

Umeme ulikatika saa mbili usiku. Hapa nizungumze na wewe unayefikiria kuchukua nyumba ya namna hii. Tangazo litasema "jenereta ipo", na ni kweli ipo. Liulize linabeba nini. La kwetu liliwaka ndani ya sekunde chache, likabeba lifti, taa, friji na pampu ya maji, na likaviacha viyoyozi vyote vimelala. Sasa kumbuka kwamba madirisha ya juu huko hayafunguki, yanapenua kiganja kimoja tu ili mtu asianguke, na ukuta mzima ni kioo kilichokula jua mchana kutwa. Zile sebule za kwenye picha zinageuka chumba cha mvuke. Nyumba yangu ya Tabata ina nondo dirishani na nyavu zilizotoboka, lakini umeme ukikatika nafungua dirisha. Nilimpigia msimamizi, akajibu kwa heshima kubwa kwamba mafuta ni ghali, bosi.

Sehemu pekee yenye hewa ilikuwa, bila shaka, kiroshani cha kufulia. Tulijazana pale watu wazima wanne, watoto wamekaa juu ya mashine. Kariakoo ilikuwa giza. Kisha jenereta moja likaanza mahali fulani, dirisha likawaka, la pili likafuata mtaa wa pili, mpaka ikawa kama mtu anawasha mji kwa kiberiti, njiti baada ya njiti. Mbele zaidi, kwenye bonde la Jangwani, taa za mabasi ya mwendokasi zilikuwa zinatambaa kuelekea Magomeni. Kule ndiko mvua kubwa zikinyesha Mto Msimbazi unakalia barabara na mabasi yanasitishwa, na mimi na nusu ya Dar tunabaki Magomeni tukitafuta bajaji. Mdogo wa wajukuu akauliza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Maskati: "Mjomba, kwenu wapi hapo?" Nikamwonyesha. Tabata haionekani, iko nyuma ya kila kitu, lakini nilimnyooshea mwanga mwekundu wa mnara wa simu, akaridhika.

Usingizi nao una mambo yake. Ukifunga kioo, mji unanyamaza kabisa, na mtu aliyezoea muziki wa baa ya jirani anakosa la kumbembeleza. Mke wangu alisema ilikuwa kama kulala ndani ya friji. Ukipenua kidogo, alfajiri adhana zinaingia, na kwa kuwa uko juu ya misikiti yote hazikujii pamoja: moja inaanza chini yako, nyingine Kariakoo, nyingine upande wa Upanga, kila muadhini na dakika yake, mpaka hujui ipi ilitangulia. Shangazi alikuwa ameshaamka, ameshatawadha, na anajua. "Hiyo ya tatu ndiyo ya kwetu," akasema. Sikumbishia.

Siku ya kuondoka msimamizi alipanda kukagua. Alifungua friji, akahesabu taulo, akahesabu glasi za mvinyo, zote kumi na mbili zikiwa zimekauka vilevile tulivyozikuta. Akanusa. "Mama, mlipika samaki?" Shangazi akamjibu kwamba kama hapikwi samaki nyumba inayotazama bahari, basi apikwe wapi. Kijana akacheka, akatoa kwenye amana pesa ya kitambaa kimoja, akaturudishia nyingine yote.

Binamu ameshaulizia tena kwa ajili ya Desemba. Mwenye nyumba alimwandikia kwamba ile ya ghorofa ya kumi na tisa imechukuliwa, lakini anayo nyingine kubwa zaidi, ghorofa ya ishirini na mbili, inatazama bahari pande zote mbili. Binamu alimsomea shangazi ujumbe kwa simu, na jibu lililorudi Dar lilikuwa hivi: asante, lakini hiyo ya bahari pande mbili mpe mwingine, sisi tutafutie inayotazama Mnazi Mmoja, hata ikiwa ya chini, na kiroshani cha nyuma kiwe na nafasi ya viti viwili. Mwenye nyumba alikaa kimya siku nzima. Kisha akauliza kama wageni wana habari kwamba upande huo ndio wa kufulia, na kwamba bei yake ni ndogo. Sasa binamu anajadiliana naye kuhusu mbuzi ya nazi.